UZI: Upepo wa kubipu. Siku yangu na bawa na foili kwenye dharuba, na nilivyorudi ufukweni napiga maji kwa mikono

Bawabovu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu niliuahidi kule kwenye ule ubishi wa saizi za mabawa, yaani kubwa au dogo, lipi linafaa upepo wa dharuba. Leo mabega yamepata nafuu, nikaona niandike kabla maumivu hayajaisha nikaanza kujisifia. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kwa wageni: nazungumzia mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye foili chini yake, yaani mlingoti wa sentimita 80 au 85 hivi unaoshuka majini, mwisho wake una pezi kubwa mbele na pezi dogo nyuma. Mikononi umeshika bawa la kujaza hewa. Bawa halijafungwa kwenye ubao kama tanga la windsafu, wala halina nyuzi ndefu kama la kaitisafu. Unalishika tu, basi. Ukipata kasi pezi linakunyanyua, ubao unatoka majini, na kelele zote za maji zinaisha ghafla. Wengi wanauita wingifoili. Mabawa haya yalianza kuonekana madukani kwa wingi mwaka 2019, ila foili yenyewe si ya jana. Mtaliano Enrico Forlanini aliendesha boti yake ya foili kwenye Ziwa Maggiore mwaka 1906.

Siku yenyewe sasa. Utabiri ulisema noti 18, dharuba (upepo mkali wa ghafla unaopita) 28, upepo ukitoka nchi kavu kwa ubavu. (Noti hizi si za benki. Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa.) Nikafanya kile mnachofanya nyote: nikaangalia namba ndogo, nikaangalia namba kubwa, nikatabasamu. Namba ya tatu, ile ya upepo ukikata, sikuiuliza kwa sababu haiandikwi. Ile 18 ni wastani wa dakika 10, tena kwa kimo cha mita 10 kutoka chini. Ile 28 ni ya sekunde 3 tu. Kama wastani ni 18 na humo ndani kuna 28, basi kuna 9 nazo zimejificha mahali. Nina kipima upepo cha mkononi, nikasimama nacho ukingoni: 11, 14, 26, 9, 9, 22. Nikakirudisha mfukoni nikasema poa.

Huu ndio upepo naouita wa kubipu. Unakupigia, ukipokea tu umekata.

Nikachukua bawa la mita 5 za mraba. Nina kilo 78, ubao wangu ni wa lita 95, pezi la mbele sentimita za mraba 1,250. Nikajaza bawa hewa kwa haraka mpaka likasimama, nikaona limesimama, imetosha. Baadaye nilipopima lilikuwa na psi 5 na ushei (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa), na langu limeandikwa 8 ubavuni. Hiyo ikumbukeni.

Nikapiga magoti juu ya ubao, nikainua bawa, dharuba ikanikuta hapo hapo. Sikusimama, nilisimamishwa. Sekunde ya pili niko juu ya foili, sekunde ya tatu niko juu mno. Kasi ikipanda pezi nalo linanyanyua zaidi. Mimi badala ya kukandamiza mguu wa mbele nilikuwa nimeegemea nyuma, navutana na bawa kama mtu anayeburuta mbuzi kwenye mvua. Pezi likachungulia nje ya maji, likavuta hewa. Likishavuta hewa halibebi kitu. Ubao ukadondoka, mimi nikatangulia mbele, bawa likapiga maji kwa ncha moja na kujipindua.

Ikawa hivyo mara sita. Sijatia chumvi, nilihesabu. Kila dharuba ikiingia, mrija wa mbele ulijikunja katikati kama mgongo wa paka, kitambaa kikapoteza umbo, ukingo wa nyuma ukapiga kelele kama bendera, na uzito wote ukahamia mkono wangu wa nyuma. Mara ya sita bawa lilipinduka likavuta kamba ya mkononi mpaka nikahisi kiwiko kinaulizwa maswali. Nikatoka.

Naweka kituo, nakuja na mzunguko wa pili.

MitaTano

Mkuu nimesoma kwa makini, na nakwambia bawa la mita 5 halina kosa. Kosa ni la psi na la miguu. Bawa kubwa lina faida moja ambayo hakuna atakayeipinga: nguvu ikizidi unaweza kuimwaga, nguvu ikikosekana huwezi kuiazima. Dharuba ikija unaachia mkono wa nyuma, bawa linalala kwenye upepo kama bendera, unasubiri ipite. Upepo ukikata una mita 5 za kupampu, yaani kulipigapiga bawa hewani likuvute. Wa mita 4 upepo ukikata ana nini? Ana dua.

Goti_Moja

Nimeweka kambi. Mimi bado nipo kwenye magoti kama jina langu linavyosema, hivyo nauliza maswali ya kijinga: hizo psi zinahusiana nini na dharuba?

Hesabu_Kali

Goti, mrija wa mbele ndio mfupa wa bawa. Ukiwa mlegevu, kwenye upepo mtulivu hutagundua. Dharuba inapousukuma unajipinda, bawa linabadilika umbo katikati ya shughuli na kitovu cha nguvu kinarudi nyuma, kule kwenye mkono dhaifu. Jaza mpaka karibu na kikomo kilichoandikwa kwenye bawa lako. Na ukilijaza juani kisha ukaliweka kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa kidogo na msukumo unashuka. Pima tena.

Niongeze hesabu moja ambayo naona wengi wanairuka. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa mraba wa kasi. Mleta uzi alikuwa na 9 na 28. Mraba wa 9 ni 81. Mraba wa 28 ni 784. Yaani mkono ule ule, bawa lile lile, na ndani ya dakika moja mzigo unazidi karibu mara 10. Utabiri unakuonyesha 18 na 28, ambayo ni mara 2.4 tu, ndiyo maana unaonekana mpole.

Ndiyo maana MitaTano simpingi wala simuungi mkono. Hakuna bawa la kutosha mara 10.

Bawabovu

Hesabu umenifungulia mlango wa mzunguko wa pili bila kujua.

Nimetoka nimekasirika. Mtu mwenye hasira hafikiri, anabadilisha vifaa. Nikashusha mita 5, nikajaza mita 4, safari hii mpaka psi 7.5 kwa kipimo. Pezi nikaacha lile lile la 1,250. Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa kuliko yote ya siku hiyo, na sikulijua kwa dakika 40.

Mwanzo ulikuwa raha. Dharuba ikija, mita 4 iliyojaa vizuri inaitikia tu, huvutani nayo. Nikakaa juu ya foili vipande virefu, nikapindua, yaani nikageuza ubao kurudi nilikotoka, mara tatu bila kugusa maji, nikaanza kujiona. Kila pindo nasogea nje kidogo, maana kule nje maji yalikuwa yanapendeza zaidi: vichwa vyeupe vingi, rangi moja. Nikajikuta mita 500 au 600 kutoka ufukweni, upepo nao, msisahau, unatoka nchi kavu.

Ukakata.

Si kupungua, kukata. Nilishuka taratibu kama lifti. Ubao ukagusa maji, ukaganda. Hesabu ya lita ndipo ikanijia: mimi 78, ubao na foili na bawa na jaketi ni kama 15 zingine, jumla kilo 93 juu ya lita 95, na lita moja hubeba kilo moja hivi. Yaani ubao karibu wote upo chini ya maji, unaelea kwa heshima tu. Kusimama haiwezekani, ukisimama unatetemeka kama mezani kwa mwalimu. Nikapiga magoti. Upepo ukarudi, 11 hivi kwa kukisia, nikanyanyuka nikapampu bawa kwa nguvu zote, kama kuku anayejaribu kuruka ukuta. Ubao ulisogea, pezi halikunyanyuka. Nikaanguka. Dharuba ya kweli ikaja nikiwa bado majini natafuta mshikio, ikapita, ikaniacha pale pale.

Hebu fikiria hiyo kwa dakika 25. Kila dharuba inanikuta sijajiandaa, kila nikijiandaa haipo. Na muda wote huo nasukumwa nje.

Nilipotazama ufukweni nikaona rangi ya jaketi la mwenzangu siioni tena, naona nukta. Nikaacha ubishi. Nikageuza bawa chali, nikaliweka nyuma yangu juu ya ubao, nikalikanyagia kwa miguu, nikalala kifudifudi na kuanza kupiga maji kwa mikono. Sikuelekea moja kwa moja nilikotokea, maana hapo upepo ulikuwa usoni. Nilikata mshazari kuelekea kona ya ghuba ambako ardhi inajitokeza. Dharuba ikija ukingo wa bawa unainuka, unanirudisha mita kadhaa, nasimama, nalishikilia, inapita, naendelea. Kidevu kilichubuka na ubao. Foili chini inaburuta kama nanga. Dakika 40 na kitu.

Nilipogusa mchanga nilikaa tu. Mwenzangu akaja akauliza, "Vipi, umechoka?" Sikumjibu.

Goti_Moja

Mkuu pole sana. Sasa hapo ungeshindwa kabisa ungefanyaje?

Bawabovu

Unabaki na ubao. Hilo halina mjadala. Bawa unaweza kuliachia kama linakuzamisha au linakuvuta nje, ubao haupaswi kuuacha hata ukiona ufukwe uko "hapo tu". Mtu majini haonekani, ubao unaonekana. Ukiona chombo au watu, nyosha mikono yote miwili pembeni, inue na kuishusha polepole, tena na tena, hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana majini popote. Ukipunga mkono mmoja watadhani unasalimia. Watakupungia na wao.

Na mimi nilikuwa na mtu ufukweni anayejua nimeingia saa ngapi. Bila huyo nisingeingia kwenye upepo wa kutoka nchi kavu. Wewe ukiwa bado kwenye magoti, upepo huo usiuguse kabisa. Subiri ule unaokuja kwa ubavu ukielekea ufukweni kidogo, ukishindwa utakurudisha wenyewe.

MitaTano

Sisemi nilisema. Ila nilisema. Ungekuwa na mita 5 pale nje ungenyanyuka kwenye ile 11.

Bawabovu

Ningenyanyuka, kweli. Kisha ile 27 iliyofuata ingenipeleka wapi? Si ungesoma mzunguko wa kwanza?

TangaKuukuu

Vijana, naomba nipite hapa. Mimi nimetoka kwenye matanga ya vitambaa, foili nimeijua ukubwani, lakini upepo ni ule ule.

Kwanza, mleta uzi anasema kule nje maji yalikuwa "yanapendeza zaidi, rangi moja". Haikuwa bahati. Upepo ukipita juu ya miti au majengo unavunjika, na kivuli chake majini kinafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Miti ya mita 15 inaweza kuuvuruga upepo mpaka mita 300 nyuma yake, mara 20 ya urefu wake na hata zaidi. Hivyo karibu na ufukwe ulikuwa na dharuba za miti, chafu, fupi, zinakuja toka pande tatu. Nje ulikuwa na dharuba za angani, safi na ndefu, na ukikata unakata kwa muda mrefu vile vile. Ulibadilisha aina ya upepo bila kubadilisha akili.

Pili, kusoma maji. Nawaona vijana wanatazama bawa lao muda wote kana kwamba litatoroka. Bawa utalisikia mikononi. Macho yawe goshini, kule upepo unakotoka, mita 50 mpaka 100. Dharuba inakuja kama doa jeusi lililokunjamana, maji yanasisimka kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Doa likiwa na ukingo mkali, jiandae, ni kali. Likiwa na kingo zilizofifia, ni pole. Palipo na mng'ao kama kioo cha mafuta, hapo hakuna kitu, pakwepe kama shimo la barabarani. Na doa halishuki kama mshale, linatanuka kama feni. Ukiingia upande wake mmoja upepo utakuja usoni kwako, upande mwingine utakujia nyuma kidogo. Mtu mmoja anakwambia dharuba imemnyanyua, mwenzake mita 40 pembeni anakwambia imemwangusha. Wote wakweli.

Tatu, hii ni ya wanaosafiri. Dharuba nyingi ni upepo wa juu umeshushwa chini, na upepo wa juu haukwaruzwi sana na ardhi, hivyo una kasi zaidi na mwelekeo tofauti kidogo. Ukiwa mbali na ikweta upande wa kaskazini, dharuba huelekea kugeuka kufuata mwendo wa saa. Upande wa kusini ni kinyume. Ukipanda kwenda joshi, yaani kuelekea kule upepo unakotoka, kaskazini huko, upepo ukiwa kuliani kwako dharuba itakupa njia. Ukiwa kushotoni itakunyima. Karibu na ikweta jambo hili ni dogo, usilisumbukie.

Hesabu_Kali

Mzee umemaliza. Niseme kidogo kuhusu kile kilichomkuta pale nje, maana si bahati mbaya, ni mtego wenye hesabu zake.

Chukua upepo wa noti 12 unaokuja ubavuni. Ukiwa juu ya foili unakwenda noti 15, upepo unaolipata bawa si 12. Ni ule wa kweli ukichanganywa na ule unaoutengeneza kwa mwendo wako, jumla yake kama 19. Ukishagusa maji mwendo unashuka mpaka 3, bawa linapata 12 na kidogo. Kwa ule mraba, nguvu imepungua zaidi ya nusu wakati upepo wenyewe haujabadilika hata kidogo! Ndiyo maana aliyeko juu anapita mbele yako kwenye upepo huo huo anatabasamu, na wewe umepiga magoti unaulaani.

Kwa hiyo swali la upepo wa kubipu si "nitapata wapi nguvu ya kunyanyuka". Swali ni "nitafanyaje nisishuke".

Bawabovu

Hapo Hesabu umegusa kitu ambacho mimi nilikigundua kwa kidevu.

Mzunguko wa tatu. Nimepumzika saa nzima, nimekunywa maji, hasira imeisha. Mwenzangu alikuwa na pezi la 1,750, zito, nene, lile ambalo wajuzi huwa tunalicheka tukisema ni la wanafunzi. Nikaliazima. Bawa nikaacha mita 4.

Niliwaza hivi: bawa nilichague kwa ajili ya dharuba, kwa sababu dharuba ndiyo inayoniumiza. Pezi nilichague kwa ajili ya upepo ukikata, kwa sababu pezi ndilo linalonishikilia juu wakati huo. Siku zote nilikuwa nachagua vyote viwili kwa wastani, kwa ile 18, upepo ambao siku ile sidhani kama niliupata kwa dakika moja mfululizo. Mnyanyuo wa pezi nao unafuata mraba wa kasi na ukubwa wa pezi, hivyo kutoka 1,250 kwenda 1,750 kasi ya kunyanyuka inashuka kwa asilimia 15 hivi. Inaonekana ndogo. Kwenye maji ni tofauti ya kukaa na kuanguka.

Nisimulie dharuba moja tu, kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka usiku kitandani.

Niko juu ya foili, upepo wa katikati. Naona doa goshini, jeusi, ukingo mkali, mita 60. Nakunja magoti kabla halijafika, si baada. Mguu wa mbele naukandamiza mpaka pua ya ubao inashuka kidogo, niko chini karibu na maji kwa makusudi, nimejiachia nafasi ya kupanda. Ukingo wa nyuma wa bawa unaanza kunong'ona. Halafu linaingia. Mkono wa nyuma naulegeza, siuachii, naufungua tu kama mlango unaoachwa na upenyo. Upepo umesogea nyuma kidogo, nami napandisha pua kuelekea joshi, bawa linapumua. Foili inavuma chini, ule mvumo mwembamba wa kasi. Paja la mbele linawaka moto. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Inapita.

Na hapa ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote. Ikipita nilikuwa nashusha pumzi na kusimama wima, na kusimama wima ndiko kuanguka. Safari hii, mara tu mvumo uliposhuka nikaelekeza pua chini ya upepo kidogo, maana ukikata wakati una kasi upepo unaousikia unahamia mbele na bawa linaanza kutikisika kwenye mrija. Nikapampu bawa mara mbili, miguu ikifuata, na pezi lile la wanafunzi likaendelea kuteleza. Sekunde nane bila upepo wowote wa maana, wakuu. Nilizihesabu. Doa la pili likanikuta nikiwa juu.

Nilikaa hivyo saa nzima na ushei, na safari hii sikuvuka mita 250.

MitaTano

Sawa, nakubali pezi. Ila sema na ubaya wake, usituuzie.

Bawabovu

Ubaya upo. Pezi kubwa kwenye dharuba ni kama punda aliyekatwa kamba, linataka kupanda tu, na lina kasi ambayo halitaki kuizidi. Mguu wa mbele haupumziki. Kupindua ni kuzito. Na upepo ukishuka mpaka noti 5 au 6, pezi hilo pia litakushusha, hapo mimi na wewe wote tunapiga maji kwa mikono. Mtu wa kilo 60 asinakili namba zangu, atapaa. Mlingoti mrefu unasaidia maana una nafasi zaidi kabla pezi halijachungulia nje, lakini upime na kina cha maji.

Goti_Moja

Kwangu mimi ninayeanzia magotini kwenye upepo kama huo, nisimame lini? Dharuba ikiwa kali nadondoka, ikiisha sinyanyuki.

TangaKuukuu

Mwanangu, usisimame kwenye kilele. Kaa magotini, bawa juu ya kichwa halina kazi, macho goshini. Doa likiwa mita 20 ndipo usimame, ili likukute umeshasimama na unasogea. Dharuba ina kichwa na mkia. Unasimama kichwani, unaruka mwilini. Wengi wanasimama kwenye mkia.

Na ukianguka, anguka kwa nyuma na pembeni, bawa lisikuzonge, ubao uusukume mbali kwa miguu. Usiurukie mbele. Foili ina kingo, na haichagui ni nani mwenyewe. Helmeti, na jaketi la kuzuia mshtuko, hata kama wenzako hawavai.

Bawabovu

Mzee naongeza kwa herufi kubwa: HELMETI. Nilipoanguka ile mara ya nne ubao ulinigonga sikioni. Ningekuwa sina, uzi huu ungeandikwa na mwingine.

La mwisho kuhusu siku ile, nililisahau. Nilitoka si kwa kuchoka. Mawingu yalikuwa yanapanda tangu saa saba mchana, meupe, yanavimba. Saa tisa moja likageuka jeusi kitakoni, na chini yake pazia la mvua. Hewa ikawa baridi ghafla, upepo wa kwanza ukalala kabisa kama umezimwa. Ukiona hivyo usisubiri kuthibitisha. Mvua ikishuka inasukuma hewa baridi chini, ikifika inasambaa pande zote na haitangazi namba. Nilikuwa mita 150 kutoka ufukweni, nikaingia. Dakika sita baadaye bawa la mtu lilipita hapo mchangani linabingirika peke yake, halijafungwa kwenye kitu chochote kizito. Lilikwenda likatobokea kwenye kichaka cha miiba.

Halafu radi. Hapo ni nusu saa tangu ngurumo ya mwisho ndipo mtu anarudi majini, na mimi sikurudi.

Hesabu_Kali

Hilo bawa lililotoboka lilikuwa la mita ngapi?

Bawabovu

Tano.

MitaTano

Mnanionea.

Goti_Moja

Nimeangalia utabiri wa kesho. 14, dharuba 25. Mnashuka?

Bawabovu

Saa tatu asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Goti, upepo unatoka nchi kavu tena, wewe njoo utushikie kipima upepo na utuhesabu tunapoingia na tunapotoka.

MitaTano

Nipo. Nakuja na mita 5 yangu.

Bawabovu

Lete na kasia.